Kabla ya Kununua Lenzi Mpya



Kwa mwaka mzima sasa vijana wa chama chetu wamekuwa wakipiga picha za ndege ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ili watoto wa katekesi wajifunze kuvitunza viumbe kwa kuvijua kwanza. Kazi hiyo ni njema, na Baba Mtakatifu Fransisko alituhimiza kuhusu jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Lakini picha nyingi hazipendezi, na wengine wameomba mfuko wa chama utoe dola elfu moja na zaidi kwa ajili ya lenzi ndefu ya milimita 600. Mimi nasema: bado.

Mfuko huo umejazwa na akina mama wauzao dagaa, na ndio huohuo unaowasaidia wagonjwa wetu. Bwana alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu. Basi na tuketi.

Tunapojiandaa kwa kitubio, hatutosheki kusema tumekosa. Twatafuta tumekosa nini. Picha mbaya nayo itafutiwe kosa lake. Ikiwa ndege na matete vyote vimetikisika, mkono ndio uliotikisika: egemeza kamera juu ya mfuko wa mchanga. Ikiwa matete ni safi lakini mabawa yamekuwa ukungu, picha ilichukua muda mrefu mno: kwa ndege arukaye, sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu yake yafaa, hata ikibidi kupandisha ISO na kuvumilia chembechembe kidogo. Ikiwa matete ya nyuma ni safi na ndege ni hafifu, kamera ililenga pengine: ilenge jicho la ndege. Ikiwa picha yote imefifia na kuyumba kama yenye moshi, ni hewa yenye joto ipandayo mchana. Lenzi ndefu haiondoi kasoro hiyo, bali huikuza. Dawa yake ni kuamka jua linapochomoza.

Makosa hayo manne hayadai hata franga moja. La tano pekee, yaani ndege safi lakini mdogo mno, ndilo liihusulo lenzi. Na hata hapo, kumsogelea ndege kutoka mita 20 hadi mita 10 humkuza sawa na kuacha lenzi ya milimita 300 na kutwaa ya 600. Mdiria mweusi na mweupe, yule asimamaye hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi, mara nyingi hurudi kwenye mti uleule. Aketiye kimya karibu, bila kusumbua kiota, atampata.

Nasema haya nikiwa na hatia. Niliwahi kununua lenzi iliyotumika, nikitumaini itanifundisha kazi. Ndege wakawa wakubwa zaidi, na ukungu wao ukakua pamoja nao.

Je, tusinunue kamwe? La. Furukombe atuaye juu ya mti wa mbali hasogelewi kwa urahisi, na watoto wastahili kumwona. Kwa hiyo napendekeza tuchukue picha zetu 100 za mwisho, tuzigawe katika makundi hayo matano. Zaidi ya nusu zikiwa za kundi la tano, nitakuwa wa kwanza kuchanga. Tena tusidanganywe na hatua ndogo: kutoka milimita 300 hadi 400, ndege hukua kwa theluthi moja tu.

Bwana alitualika tuwatazame ndege wa angani. Kutazama huko ndiko tunakotaka kuwarithisha watoto wetu, nako huanza kwa subira. Vijana wetu wakiwa nayo, chombo chochote tutakachowapa kitazaa matunda.