Kura laki moja zilizobaki nje

Machi 27, 2022, wananchi wa Saarland walichagua bunge la jimbo lao. Ni jimbo dogo la Ujerumani, limepakana na Ufaransa na Luxembourg, na watu wake ni kama milioni moja. Mpiga kura wa huko ana kura moja tu, nayo anaipigia orodha ya chama. Uwakilishi wa uwiano hauwezi kuwa mwepesi kuliko hivyo: chama kikipata robo ya kura, kipewe robo ya viti. Ndivyo tunavyoelezwa siku zote.

Kura zilipohesabiwa, chama cha SPD cha Anke Rehlinger kilikuwa na asilimia 43.5. Hata nusu hakikufika. Bungeni, hata hivyo, kiliingia na viti 29 kati ya 51, kikaunda serikali peke yake bila kumbembeleza mtu. Hapakuwa na wizi wala hila. Ni sheria ya kizingiti: chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati hata kiti kimoja, na kura zake zinawekwa kando viti vinapogawanywa. Mwaka ule ziliwekwa kando kura kama laki moja, zaidi ya moja katika kila kura tano. Chama cha FDP kiliishia asilimia 4.8. Chama cha Kijani kilipata kura 22,598, yaani asilimia 4.995. Kilipungukiwa kura 23. AfD, kwa asilimia 5.7, walipewa viti vitatu.

Kizingiti hiki kina historia yake. Bunge la Ujerumani la enzi ya Weimar, kati ya vita viwili vya dunia, lilijaa vyama vidogo, serikali zikawa zinaanguka moja baada ya nyingine, na mwisho wake dunia nzima inaujua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya vita vya pili Wajerumani waliamua kwamba bunge linalounda serikali lisigawanyike vipande vipande. Mahakama yao ya Katiba inaikubali hoja hiyo, lakini kwa mipaka: mwaka 2011 ilifuta kizingiti cha asilimia 5 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, na mwaka 2014 ikafuta hata kile cha asilimia 3, kwa kuwa bunge lile halina serikali ya kuiweka madarakani kwa namna ile ile.

Anayedhani hofu hiyo ni ya kizamani alitazame jimbo la KwaZulu-Natal. Afrika Kusini haina kizingiti. Mei 2024 chama cha MK cha Jacob Zuma kilipata viti 37 kati ya 80 vya bunge la jimbo, kikabakiza vinne kufikia wingi. Vyama vya IFP, ANC na DA vikaungana, vikajumlisha viti vyao, vikapata 40 kamili. EFF wenye viti viwili walikuwa upande wa MK. Kikabaki kiti kimoja, cha NFP, chama ambacho kwa sheria ya Saarland kisingekanyaga bungeni. Thami Ntuli wa IFP alichaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo kwa kura 41 dhidi ya 39. Mbunge mmoja akawa ameshika mizani ya jimbo lenye mamilioni ya watu.

Kwa hiyo sitasema kizingiti kifutwe. Ninachokataa ni kumfanya mpiga kura alipe gharama yote ya utulivu huo. Chama kinaweza kukosa viti. Kwa nini na aliyekipigia kura aonekane kama hakwenda kituoni? Msomaji wa Tanzania analijua jambo hili kwa karibu: chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge hakigawiwi viti maalum vya wanawake, hata kama kina wabunge wake majimboni.

Dawa ipo, na wataalamu wa Ujerumani wameijadili kwa miaka mingi: kura ya akiba. Mpiga kura anaandika chama anachokitaka, kisha anaandika cha pili, ili cha kwanza kikikwama kwenye kizingiti kura yake ihamie huko. Hakuna jimbo la Ujerumani lililowahi kuitumia katika uchaguzi wa bunge lake. Wanaoipinga wanasema kuhesabu kutachelewa na wananchi watachanganyikiwa. Kuchelewa, sawa. Hilo la pili ni dharau tu. Wananchi wa Tasmania, jimbo la Australia, wanapanga wagombea wao kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea, tangu mwaka 1909, na hakuna anayewaona wamechanganyikiwa.

Kura ya akiba isingewapa Kijani zile kura 23 moja kwa moja. Huenda SPD ingebaki na wingi wake, huenda chama kingine kilichoingia bungeni, CDU, kingeongeza viti. Lakini wapiga kura wa FDP na wa Kijani wangekuwa na kauli katika kuamua hilo, badala ya vyama wasivyovichagua kugawana nafasi yao.