MOTOKAA YAKO: Mafuta ya Usukani Yanapovuja

Wako watu wengi wenye motokaa ambao huweka chupa ya mafuta ya usukani chini ya kiti, na kila Jumamosi huongeza kidogo, kama mtu anyweshaye ng'ombe. Ukiwauliza watakujibu ya kwamba motokaa haina ugonjwa, ila hupenda mafuta tu. Maneno hayo si kweli. Mafuta ya usukani hayateketei kama petroli. Huzunguka ndani ya mipira na mabomba yaliyofungwa pande zote. Yakipungua, yamevuja. Tena hesabu ni rahisi: anunuaye chupa moja kila juma atakuwa amenunua chupa 52 kwa mwaka, na huenda kilichoharibika ni kipande kifupi cha mpira. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Usukani wa namna hii ulibuniwa na Mwamerika mmoja, Francis Davis, katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokaa za Imperial zenye usukani huo. Motokaa nyingi za siku hizi zina mota ya umeme mahali pa mafuta, na hizo hazihusiki na mashauri haya. Lakini motokaa za miaka ya nyuma, kama vile Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado twaziona katika barabara zetu, hutumia mafuta.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi kazi inavyofanyika. Pampu huzungushwa na mkanda wa injini. Huvuta mafuta kutoka katika tangi dogo na kuyasukuma kwa nguvu nyingi sana kupita katika mpira mnene mpaka kwenye reki, yaani chombo kinachogeuza magurudumu. Kisha mafuta hurudi tangini kwa mpira wa pili, ambao nguvu yake ni ndogo. Mafuta yakipungua, pampu huanza kulia kila ukatapo kona, na usukani huwa mzito. Magurudumu bado hugeuka, lakini dereva asiyetazamia uzito huo, akiwa katika kona ya mteremko na mzigo wa maziwa nyuma, aweza kwenda mtaroni. Kadhalika mafuta yakidondokea bomba la moshi lililo moto yaweza kuwaka.

Basi kabla ya kununua chochote, tafuta mahali panapovuja. Injini ikiwa baridi, futa kwa kitambaa na maji ya sabuni sehemu zote zilizolowa, kuanzia tangi hata pampu na mipira yote. Tandika kipande kikubwa cha karatasi ngumu chini ya motokaa, uache usiku kucha. Asubuhi tazama tone limeanguka wapi. Angalia pia rangi: mafuta haya mara nyingi ni mekundu yakiwa mapya, na huwa ya kahawia yakichakaa. Lakini mafuta ya giaboksi ya otomatiki nayo ni mekundu, kwa hiyo usiamini rangi peke yake.

Ikiwa hujaona kitu, mwambie mwenzako awashe injini na kugeuza usukani polepole huku na huku, asiushikilie mwisho wa kona zaidi ya nukta chache. Wewe tazama kwa tochi. Weka mikono na nguo mbali na mkanda na feni. Wala usipapase mpira wa nguvu kwa kidole kutafuta tundu, kwa sababu mafuta yanayoruka kwa nguvu hiyo yaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha karatasi ngumu.

Mambo utakayoyaona ni haya. Kwanza, mpira wa kurudisha mafuta umepasuka mwishoni au kibano chake kimelegea. Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani. Zima injini, iache ipoe, weka beseni chini, fungua kibano, kata sehemu iliyopasuka ikiwa mpira ni mrefu wa kutosha, kisha uurudishe na kibano kipya. Ukinunua mpira mwingine, taka ule uliotengenezwa kwa mafuta ya usukani. Mpira wa maji ya rejeta utalainika na kuoza. Pili, mpira wa nguvu unavuja. Huo usifungwe kwa kipande cha tyubu na waya hata siku moja. Ununue mpya, na washa za maungio nazo ziwe mpya. Tatu, mafuta yanatoka nyuma ya puli ya pampu, au zile buti za mpira kwenye ncha za reki zimejaa mafuta. Hapo sili za ndani zimekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Zipo dawa za chupa zinazosifiwa kuwa huziba uvujaji. Baadhi yake huvimbisha sili zilizokauka na kukupa nafasi ya kutafuta fedha, lakini haziwezi kuponya mpira uliopasuka.

Baada ya kutengeneza, hapana budi kutoa hewa. Ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele kwa jeki, kisha uweke stendi imara za chuma. Jeki peke yake huteleza, na watu wamekufa chini ya motokaa kwa sababu hiyo. Jaza mafuta mpaka alama. Injini ikiwa imezimwa, geuza usukani toka mwisho hata mwisho mara 20, ukiongeza mafuta yanaposhuka. Kisha washa injini na ugeuze tena polepole. Ukiona povu tangini, hewa bado imo. Zima, ngoja, rudia.

Tumia mafuta yaliyotajwa katika kitabu cha motokaa yako. Corolla hizo za zamani hutumia mafuta ya aina ya Dexron, lakini Honda hutaka mafuta yake yenyewe. Mafuta ya breki yasiingie humo kamwe, kwa maana huharibu sili zote. Na mafuta machafu usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima; yatie katika debe uyapeleke gereji.

Mwenye kufuata mambo haya, hata akilazimika kwenda kwa fundi, ataweza kumwonyesha kwa kidole mahali palipoharibika, wala hataambiwa anunue pampu nzima kwa sababu ya kibano kimoja.