Mbwa mdogo haachwi kama kiloba cha makala

Ndugu wasomaji, na nyinyi mnaotusikiliza wakati mwenye simu anawasomea kwa sauti, leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni yule mbwa mdogo anayefungwa kwenye mti tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, wakati wenye nyumba wote wako shambani.

Najua jibu linaloningojea. Watu wamekosa unga, watoto hawasomi, na huyu anatuletea habari za mbwa! Nimesikia. Lakini ngojeni kidogo. Mtoto akiumwa na mbwa Katoyi au Nyabiondo, hakuna atakayesema tena kwamba hiyo ni habari ya mbwa. Itakuwa habari ya mtoto, ya kutafuta moto ya kumpeleka hospitali, ya pesa ya kukopa, na ya majirani wawili ambao hawasalimiani tena. Mimi naandika juu ya mambo hayo, na mwanzo wake ni kamba iliyofungwa asubuhi.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2025 ulianza na mbio. Tarehe 4 Januari vita vilifika Masisi-centre, kisha Sake, na tarehe 27 Januari Goma ikachukuliwa. Mwezi Februari kambi za pembeni ya Goma zikavunjwa, na watu waliokuwa Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya wakaanza safari ya kurudi, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma magodoro kwenye chukudu. Mwezi Machi ikawa zamu ya Walikale-centre. Wengi waliorudi walikuta nyumba hazina milango, mabati yameondolewa, mbuzi hawapo tena. Wengine hawajarudi hata leo. Wanakaa kwa familia zilizowapokea, au katika vibanda vya shiti ambamo mtu akinyoosha mguu anamgusa jirani.

Katika hali hiyo, mtu anatafuta mbwa. Nani atamlaumu? Kufuli ni pesa, mlango wa mbao ni pesa, lakini mtoto wa mbwa unaweza kupewa bure na shemeji. Anabweka, anakujulisha usiku kama kuna mtu anapita karibu na kuku. Kwa hiyo mimi simwambii mtu asifuge mbwa. Namwambia aangalie mahali anapomwacha mchana.

Maana maisha yetu ndiyo haya: kazi haiko nyumbani. Shamba liko mbali, na siku hizi mbali zaidi, kwa sababu lile la karibu limekaliwa na mtu mwingine au linaogopwa. Mama anaondoka na jembe na mtoto mgongoni. Baba yuko kwenye makala, kwenye mbao, au kwenye mashimo ya madini upande wa Walikale. Watoto wakubwa wako kwenye maji. Nyumba inabaki na mbwa wa miezi mitatu, kamba ya mkono mmoja shingoni, hakuna kopo la maji, na kivuli cha asubuhi ambacho saa sita kimekwisha kuhamia upande mwingine wa mti. Yeye hawezi kukifuata.

Mbwa mkubwa, ukweli ni kwamba, hahangaiki sana kubaki peke yake. Mbwa mzima analala zaidi ya nusu ya siku. Umpe maji, kivuli, na mahali pa kujisaidia mbali na anapolala, atakungoja. Mtoto wa mbwa ni jambo lingine. Huyo ametoka juzi kwa mama yake, alikuwa amelala juu ya ndugu zake watano. Kibofu chake ni kidogo, kwa miezi mitatu hawezi kuvumilia zaidi ya saa tatu au nne. Tumbo lake linataka chakula mara tatu kwa siku, si mara moja usiku mkirudi. Ukimwacha saa kumi nzima anafanya mambo mawili: analia mpaka sauti inakauka, kisha anajifunza kwamba kila kiumbe kinachokaribia ni hatari. Watoto wa jirani wanapita, mmoja anamrushia jiwe, mwingine anamvuta mkia. Hawezi kukimbia. Kinachobaki kwake ni meno. Baada ya miezi sita mnasema mna mbwa mkali, mnafurahi. Mkali huyo hachagui mwizi na mtoto wa mama mkwe.

Kuna na wale wanaosema: basi mimi simfungi, namwachia tu. Anatembea siku nzima, anaenda sokoni, anaenda mahali wanapochinja ng'ombe, anapigana na mbwa wasiojulikana wametoka wapi. Mbwa wengi walipotea katika mbio, wanazunguka hawana mwenyewe wala chanjo. Mbwa wako anarudi jioni ana kidonda kidogo kwenye pua. Nyinyi hamkuona alikipata wapi. Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia nyumbani, na watoto wanacheza naye kama jana.

Juu ya ugonjwa huo nitakaa kidogo, maana nasikia mengi yasiyo ya kweli. Kichaa cha mbwa kinatoka kwenye mate ya mnyama mgonjwa, kwa kuuma, kwa kukwaruza, au kwa kulamba kidonda. Mbwa mdogo naye anaweza kuwa nacho. Udogo si kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka kinaua watu karibu 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka kumi na tano. Karibu wote wamekipata kwa mbwa. Mtu akianza kuogopa maji na kuweweseka, dawa ya kumponyesha haipo, hata Kinshasa, hata Ulaya. Lakini kabla ya dalili hizo ipo nafasi, na nafasi hiyo inaanza na kitu ambacho hata kambini tunacho.

Maji na sabuni. Mtoto akiumwa, osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano. Si kumwagia tu na kufuta. Dakika kumi na tano ni ndefu, mtoto analia, bibi anasema inatosha, endelea. Usiweke jiwe jeusi, usiweke mafuta ya moto, wala majani, wala pilipili, usikikaze kwa kitambaa. Kisha nenda kituo cha afya siku ileile, na uulize mara moja kama chanjo ipo na kama haipo, iko wapi. Vituo vyetu vingi vidogo havina, kwa hiyo muulize muuguzi awasiliane na ofisi ya zoni ya afya kabla hujapoteza siku mbili barabarani. Chanjo hiyo inachomwa kwa siku kadhaa, si sindano moja. Wengine wanachoma ya kwanza, wanaona mtoto anacheza, wanabaki nyumbani. Wasifanye hivyo.

Na mbwa aliyeuma? Desturi yetu ni kumpiga mpaka afe, na wengine wanamla. Kama anajulikana na anaweza kufungiwa bila kumuumiza mtu, afadhali afungiwe na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma, na familia itapumua. Lakini msingoje siku kumi ndipo mmpeleke mtoto. Mtoto anaenda leo, mbwa anaangaliwa huku. Na kumchinja mbwa mgonjwa ni kutia mikono katika sumu ileile.

Mtaniuliza, chanjo ya mbwa tutaitoa wapi? Hapa Masisi sikubali kwamba haiwezekani. Nchi hii ni ya ng'ombe. Jibini yetu inaliwa Goma mpaka Kinshasa. Wenye ng'ombe wanawajua madaktari wa mifugo, wanawaita, wanawalipa, hata wakati wa vita. Daktari anayepanda mpaka malishoni na chupa za chanjo kwenye ubaridi anaweza kubeba na ya mbwa, kama wakuu wa vijiji wakikusanya mbwa mahali pamoja siku moja na kama mashirika yanayokuja na mbegu na majembe yakikubali kulipia. Mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha anarudiwa. Katika kampeni hata wadogo zaidi wanachanjwa. Hatuhitaji kuwafikia wote. Wataalamu wanasema mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar, walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka ugonjwa ukaondoka mwaka 2014. Miaka miwili baadaye ukarudi, wakaanza tena kuchanja, ukaondoka tena. Pemba si Ulaya. Ni wavuvi na wakulima wa karafuu, wanaongea Kiswahili kama sisi. Upande wa Walikale, nakiri, ni kazi ngumu zaidi: barabara ni matope, vijiji viko mbali, ubaridi wa chanjo ni shida. Ndiyo maana ningependa waanze na mahali ambapo watu waliohama wamebanana, si na mahali ambapo gari linafika kwa urahisi.

Sasa turudi nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi, jembe liko begani.

Kama unaweza kwenda naye shambani, nenda naye. Wazee wa Kinyanga wanajua jambo hili kuliko mimi: mbwa wao wa kuwinda walikwenda nao msituni na kengele ya mti shingoni, hawakuachwa kwenye nguzo. Mbwa anayefuata watu siku nzima anakuwa na akili, analala kando ya mtoto chini ya mgomba. Mwangalie tu asiende kwenye mitego, na ukiwa karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega asivuke, maana huko mbwa ni mgeni mbaya kwa wanyama.

Kama haiwezekani, mweke nyuma ya uzio wa miti au mianzi, hata wa mita tatu kwa tatu, mahali watoto hawapiti. Kama ni lazima kamba, iwe ndefu, aweze kufika kwenye kivuli cha asubuhi na cha mchana, na isipite karibu na jiwe au kisiki kitakachomzungushia. Ilegeze shingoni kila wiki, maana mbwa anakua na kamba haikui. Vidonda vile vya shingo vyenye funza tumeviona wote. Maji katika sufuria nzito au bidoni iliyokatwa na kufukiwa nusu ardhini asiimwage. Bugali ya jana na vichwa vya sambaza asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Magunzi ya mahindi usimpe acheze nayo, yanaziba matumbo. Na kwa ile ya mchana umtafute mtu: bibi anayebaki, kijana mlemavu wa jirani anayefuma vikapu, mama aliyejifungua. Mpe kifungu cha viazi kwa wiki. Kwa familia nyingine kifungu hicho kina maana, na mbwa anamwona mtu.

Siku za kwanza usimwache saa kumi kwa mara moja. Toka dakika chache, rudi. Kesho nusu saa. Keshokutwa uende sokoni. Ataelewa kwamba mkitoka mnarudi, na kelele itapungua. Jirani aliyelala kwenye kibanda cha shiti kando yako, ambaye amesikia bunduki usiku, hahitaji pia kusikia mbwa akilia mchana kutwa.

Kwa ndugu waliohama, na wanaokaa kwa familia zilizowapokea, nitasema waziwazi: kama kibanda chako hakina hata mahali pa kuweka jiko, usichukue mtoto wa mbwa sasa. Mnaweza kuwa familia tano na mbwa mmoja mkubwa, aliyechanjwa, anayejulikana na wote, mkampa kila mmoja kidogo. Huyo analinda vibanda vitano, na mchana haikosi mtu mmoja aliyebaki.

Kuna jambo la mwisho, nalo halizungumzwi. Silaha zikianza kulia mchana, watu wako shambani, wanakimbia kutoka shambani palepale. Hakuna anayerudi kufungua mbwa, na hakuna atakayemwambia mama apite kwenye risasi kwa ajili ya mbwa. Waliorudi baada ya wiki tatu wanajua walichokikuta kwenye mti. Kwa hiyo mfunge kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, ambalo hata mtoto wa miaka saba au mzee anayepita anaweza kulivuta akiwa anakimbia. Au mshipi uwe wa kamba ya mgomba, ambayo mbwa mwenye nguvu ya hofu ataikata mwenyewe. Usimfunge kwa waya wa umeme wala kwa mnyororo wenye kufuli ambao ufunguo wake uko mfukoni mwako, kilomita sita kutoka hapo.

Madaktari wa mifugo wanaosoma hapa, na wakuu wa vijiji wanaotaka siku ya kukusanya mbwa, mtujulishe kijiji na tarehe. Tutaitangaza, na tutakuja.