Gari Likiitwa Kiwandani Japani, Mwenye Gari Mombasa Ataambiwa na Nani?

Mtu akiingia yadi ya magari hapa Mombasa, maswali huwa ni yale yale. Ni la mwaka gani? Limetembea kilomita ngapi? Linakunywa mafuta kiasi gani? Bei ya mwisho ni ngapi? Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza kama waliolitengeneza wamewahi kuliita lirudi kwa sababu ya kasoro.

Swali hilo linatuhusu zaidi sisi tunaoagiza magari yaliyokwisha tumika. Tuchukue mfano mmoja. Mnamo Oktoba 2010, kampuni ya Toyota ilitangaza kurejesha magari yapatayo milioni 1.53 duniani kote. Takriban 740,000 yalikuwa Marekani na karibu 599,000 yalikuwa Japani kwenyewe. Kule Marekani yalihusika magari kama Avalon, baadhi ya Lexus, na Highlander ya miaka ya 2004 hadi 2006. Highlander hiyo ndiyo gari ambalo huku kwetu, likitoka Japani, tunaliita Kluger.

Kasoro ya breki ilikuwa katika kitu kidogo sana. Ukikanyaga breki, masta silinda husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Ndani yake mna mpira unaozuia mafuta yasivuje. Kampuni ilieleza kwamba mafuta ya breki yakibadilishwa na kutiwa ya aina nyingine isiyokuwa na viungo fulani vya kulainisha, mpira ule ungeweza kukauka, ukajikunja na kuanza kuvujisha. Kwanza taa ya breki huwaka kwenye dashibodi. Dereva akiipuuza, pedeli huanza kuwa laini mguuni na breki hupungua nguvu. Dawa ilikuwa kubadilisha mpira huo bila malipo.

Sasa tuitazame habari hiyo tukiwa Pwani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hivyo gari la mwaka 2004 lingeweza kushushwa bandarini Kilindini mwaka 2008 au 2009, kabla ya tangazo lile kutolewa. Japani, kasoro ikigunduliwa, mwenye gari hupelekewa barua kwa anwani iliyo kwenye usajili. Lakini gari likishasafirishwa, usajili wa kule umefutwa. Barua haina pa kwenda. Mwenye gari wa Kisauni au Ukunda hana habari, na fundi wake pia hana habari.

Isitoshe, kasoro ile ilitegemea aina ya mafuta yanayotiwa. Hapa kwetu mafuta ya breki hununuliwa duka lolote la spea, na mara nyingi tunachotazama ni bei. Na hata gari lisilo na kasoro yoyote haliko salama, kwani mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji hayastahimili joto, na dereva anayeteremka mteremko mrefu huku amekanyaga breki anaweza kuikuta pedeli imezama hadi chini. Nani asiyejua unyevu wa hewa ya Pwani? Wengi tunaongeza tu mafuta yakipungua, hatuulizi yamepungukia wapi.

Je, ni jukumu la nani? Muuzaji atasema yeye aliagiza gari likiwa limekaguliwa. Kampuni iliyolitengeneza inaweza kusema haikuliuza Kenya, lililetwa na mtu binafsi. Mkaguzi atasema alitazama breki siku ile na zilikuwa zinashika. Huenda wote watatu wanasema kweli, na bado anayebaki na hatari ni abiria.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Habari kwamba gari lina kasoro ya breki inayojulikana na aliyelitengeneza ni habari ya aina hiyo hasa. Magari haya hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, chini ya masharti ya KEBS, na hupewa cheti. Cheti hicho ndicho mahali pema pa kuandika mstari mmoja: gari hili limewahi kuitwa, na je, lilitengenezwa? Nayo NTSA ina nambari ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa. Kuwatumia ujumbe wa simu wenye magari yanayohusika si kazi ya kushinda taifa.

Tukisubiri hayo, yapo tunayoweza kuyafanya wenyewe. Soma nambari ya chesisi kwenye logibuku na uhakikishe inalingana na ile iliyogongwa kwenye gari. Kampuni za Japani zina kurasa za kuangalia kasoro kwa nambari hiyo. Usiitafute kwenye mtambo wa Marekani, kwani ule unatumia nambari ya tarakimu na herufi 17, na magari ya soko la Japani huwa na nambari fupi yenye kistari katikati. Lugha ikiwa tatizo, mwambie aliyekuagizia gari akutazamie kabla hujalipa salio. Mwulize fundi alitia mafuta gani ya breki na lini. Na taa ya breki ikiwaka ilhali hujavuta breki ya mkono, usiseme ni mambo ya waya.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kipande cha mpira kisichojaa kiganja kilitosha kurejesha magari mengi mno, kwa kuwa huko kuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kusema na kutengeneza kwa gharama yake. Magari ni yale yale, na barabara zetu za Kaloleni na Mazeras zina miteremko. Mnunuzi wa Mombasa anayelipa ushuru wote pale bandarini anastahili kuambiwa anachoambiwa mnunuzi wa Tokyo.