Nani alipe maji ya lupango?

Mwisho wa mwezi, katika malupango mengi ya komine ya Lubumbashi, ugomvi huanza na karatasi moja: fakture ya Regideso. Lupango, kama tunavyosema hapa, ni kiwanja kimoja chenye nyumba ya mwenyewe na milango kadhaa ya wapangaji. Bomba ni moja, fakture ni moja, jamaa ni tano au sita. Jumla inagawanywa kwa milango. Mjane mwenye mtoto mmoja analipa sawa na jirani mwenye watu tisa ambaye pia anafua nguo za watu kwa malipo. Mjane analalamika, jirani anakasirika, na Jumapili wanakaa ibadani bila kusalimiana.

Sisi wachungaji tunaitwa kupatanisha. Kwa muda mrefu tulihubiri uvumilivu tu. Sasa tunaona kwamba shida haimo mioyoni peke yake. Imo pia katika namna ya kuhesabu.

Tutazame njia zinazotumika. Pasipo mita, au mita ikiwa imekufa, mteja anatozwa kwa makadirio. Hapo kufunga bomba hakupunguzi hata franka moja. Pengine maji yamo ndani ya kodi ya nyumba: mpangaji haoni fakture, na bomba likivuja hana haraka ya kusema. Kugawa kwa milango nako hakufundishi kuokoa, kwa kuwa faida ya anayebana matumizi inawaendea wote, na hasara ya anayemwaga inalipwa na wote. Kugawa kwa vichwa kunaonekana kuwa na haki zaidi, lakini kunamfanya mgeni kuwa deni. Katika nchi ambamo jamaa nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, hilo si jambo dogo.

Iko njia nyingine: mita ndogo kwa kila mlango. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2004 ulilinganisha nyumba za kupanga. Penye mita ya kila nyumba, matumizi yalipungua kwa karibu asilimia 15. Penye kugawa fakture moja kwa hesabu ya watu au vyumba, hayakuonekana kupungua. Mazingira yao si yetu, lakini funzo linatuhusu: mtu huokoa anapoona kazi ya mkono wake katika malipo yake.

Hata hivyo tusiwalaumu wapangaji peke yao. Bomba bovu linalojaza bidoni ya litre 20 kwa saa moja hupoteza bidoni 24 kwa siku. Kwa siku 30 ni litre 14,400, zaidi ya metre kibe 14. Ikiwa wapangaji ndio wanaolipa fakture yote, mwenye lupango atanunua bomba jipya kwa sababu gani? Basi kanuni ni hii: malipo yamfikie yule anayeweza kuzuia hasara. Matumizi ni ya mpangaji, mivujo ni ya mwenye nyumba.

Katika Wagalatia sura ya 6, Paulo anatuambia tubebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wengi wanadhani maneno hayo yanapingana. Lupango linatuonyesha kwamba yanakwenda pamoja. Mita inampa kila mtu mzigo wake, na upendo unamtazama yule ambaye mzigo wake umemshinda.

Hilo la pili tusilisahau. Kipindupindu kilipoipiga Katanga mwaka 2013, Lubumbashi nayo iliguswa. Kuokoa maji kusiwe kumnyima mtoto maji ya kunawa mikono. Tena kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kwa hiyo mita ndogo isiwe duka: mwenye lupango asiuze maji kwa bei kuliko ile ya fakture, wala asimfungie mgonjwa au mzazi aliyejifungua kwa sababu ya deni.

Penye uwezo mdogo, mita za kila mlango zitachelewa. Lakini mambo matatu hayahitaji fedha nyingi. Fakture ibandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Mita kubwa isomwe siku moja kila mwezi, mbele ya wapangaji. Na usiku, bomba zote zikiwa zimefungwa, itazamwe tena: ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja, na gharama hiyo ni ya mwenye lupango.

Wapendwa wa Bukavu, Goma, Uvira na Kalemie, hata kwenu wapo wapangaji wanaochangia bomba moja. Na makanisa yetu nayo yana nyumba za kupangisha. Kabla ya kuwahubiri wenye malupango wengine, tuanze na malupango ya kanisa. Fakture ya mwezi huu ibandikwe ukutani, na wapangaji wetu waisome.