Shamba la Nabothi Liko Pwani



Huko Pwani liko neno moja ambalo limekuwa maficho ya wanyakuzi wa ardhi: "uchawi". Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo, na mara nyingi nyuma yake umejificha ugomvi wa shamba. Nasi tuendao kanisani tumenyamaza, tukidhani kuwa mambo ya wazee na Kaya zao ni ya wapagani, hayatuhusu.

Yatuhusu! Kaya ni misitu ambamo Wamijikenda walijenga miji yao yenye maboma tangu karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 makao hayo yalikwisha kuhamwa, lakini makaburi ya wahenga yalibaki, na miiko ikabaki: usikate mti, usilishe mifugo, usiingie bila idhini. Miiko hiyo ndiyo iliyoiokoa misitu hii huku ile iliyoizunguka ikifyekwa. Leo inahifadhi mimea adimu na kuushika udongo wa vilima usichukuliwe na mvua.

Mkoloni aliijua nguvu yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wale kiapo katika Kaya Fungo kuwakataa Waingereza. Mwaka uliofuata serikali ikailipua Kaya hiyo kwa baruti. Je, ilikuwa ikipigana na uchawi? La! Ilitaka kodi, vibarua na ardhi.

Sheria hazikosekani. Tangu 1992 Kaya zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa; mwaka 2008 baadhi ziliandikishwa na UNESCO kuwa Urathi wa Dunia; na Katiba ya 2010, kifungu cha 63, yatambua misitu na mahali patakatifu pa jamii kuwa ardhi ya jamii. Lakini karatasi haizuii panga. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilitufunulia jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kama zawadi za kisiasa.

Mkristo amkumbuke Nabothi. Alikataa kuuza urithi wa baba zake. Mashahidi wa uongo wakamshitaki kwamba amemlaani Mungu. Akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Jina la Mungu lilitumika kuiba.

Kwa hiyo twadai: mipaka ya kila Kaya ipimwe na kusajiliwa kwa jina la jamii, hati zilizopatikana kwa hila zifutwe, na wanaowaua wazee washitakiwe, pamoja na wanaowatuma. Mimbari nazo ziseme waziwazi kwamba kumwita jirani mchawi ili kumnyang'anya shamba ni dhambi. Si lazima uabudu Kayani ndipo uitetee haki ya mwenye Kaya.

Wazee wa mji wa Nabothi walipokea barua yenye muhuri wa mfalme, wakatii. Tusiwe wao.