Subaru ya turbo: ubaki na bloki ya 2.0 au uweke ya 2.5?

Haya jamani, leo Java na PHP nimeziweka kando kidogo tuzungumze chuma. Wanaonijua wanajua nina magonjwa mawili, kompyuta na Mambaru, na kuhusu huo ugonjwa wa pili swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: injini ya EJ20 imechoka, inakunywa oili, itabidi ifunguliwe. Sasa mtu airudishie bloki ileile ya lita 2.0, ama kwa kuwa pesa zinatoka tu, aweke bloki ya EJ25 apate lita 2.5?

Si swali dogo hata kidogo. Kwa kijana anayetegemea mshahara hiyo ni akiba ya miezi mingi, na wengi huamua kwa maneno ya mtu waliyekutana naye Kirinyaga Road kwa dakika tano akiwa ameshika kikombe cha chai.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu anayeendesha gari la barabarani hapa Nairobi na huko juu Eldoret, bloki ya 2.5 ina sababu nzuri, tena nzuri kuliko anavyoiona mtu aliye London au kule pwani. Lakini sababu yenyewe si ile inayotajwa na wengi, na ukiinunua kwa sababu isiyo yake, pesa yako itageuka moshi wa bluu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina ushabiki. EJ20 ina silinda yenye upana wa milimita 92, na pistoni inasafiri milimita 75. Zidisha kwa silinda 4 unapata cc 1994. EJ25 ni milimita 99.5 kwa 79, yaani cc 2457. Ongezeko ni asilimia 23. Hapo ndipo watu hukosea: wanasikia asilimia 23 wanafikiri ni asilimia 23 ya nguvu farasi. Sivyo! Kwenye gari la turbo, kinachoamua nguvu ya juu kabisa ni hewa ambayo turbo inaweza kusukuma, na turbo haijui bloki yako ina ukubwa gani. Ikifika mwisho wake imefika. Kile bloki kubwa inachofanya ni kuufikia huo mwisho mapema, kwa mizunguko michache. Unanunua toki ya chini, ile nguvu ya kukusukuma mgongo kabla turbo haijaamka vizuri. Kwa sisi wa kompyuta ni sawa na kuongeza RAM kwenye seva ambayo tatizo lake ni waya mwembamba wa intaneti. Seva itakuwa na nafasi tele, na wateja bado watasubiri.

Anayebisha atazame magari ya mbio za rally. Tangu 1995 kanuni ziliyalazimisha magari ya turbo ya daraja la juu kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 hapa kwetu akiwa na Impreza ya lita 2.0, na nguvu za magari yale zilikuwa karibu farasi 300 tu. Kilichowabana ni tundu. Ungewapa lita nyingine nusu, zingepitia tundu lilelile.

Kwa nini basi nasema bloki kubwa ina sababu nzuri Nairobi? Kwa ajili ya mwinuko. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huku ni kama bar 0.82, wakati Mombasa ni bar 1.01. Kabla turbo haijaanza kusukuma, injini yako inameza asilimia 82 tu ya hewa ambayo ingeimeza ukiwa Nyali. Sasa chukua 2457 uzidishe kwa 0.82. Unapata kama 2015. Umeona? Ukiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way unakanyaga kidogo kidogo, injini ya 2.5 ya Nairobi inapumua kama injini ya 2.0 ya Mombasa. Kile mlima umekunyang'anya, bloki inakurudishia karibu chote. Hili hutalipata kwenye maandishi ya Wazungu, kwa sababu wao wengi wanaishi karibu na usawa wa bahari.

Turbo nayo inateseka na mwinuko. Turuhusu geji isome bar 1.0. Mombasa hiyo ni bar 2.01 kamili, turbo inaizidisha hewa mara mbili. Nairobi geji ikisoma bar 1.0 una bar 1.82 tu. Kuipata ile 2.01 ya Mombasa, turbo inabidi ifanye kazi ya kuzidisha mara 2.45. TD04, ile ndogo iliyozoeleka kwenye WRX, haipendi kazi hiyo hata kidogo. Inazunguka kupita kiasi na kutoa hewa moto. Kwa hiyo huku juu, kuomba hewa kutoka kwa bloki kubwa ni busara kuliko kuiomba yote kutoka kwa turbo.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Sasa upande wa pili, ambao muuzaji hatakuambia.

Mainjinia wa Subaru hawakuirefusha bloki walipotengeneza EJ25. Umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ulibaki milimita 113. Toa 92, unabaki na milimita 21 kati ya silinda mbili za EJ20. Toa 99.5, unabaki na 13.5. Ndani ya hizo 13.5 kuna kuta mbili na sehemu ambayo gasketi inapaswa kukaa na kushikilia mlipuko. Wengine mmeshachemsha Subaru ya 2.5 na mnajua bili ya gasketi ya hedi ilivyo. Sehemu kubwa ya chanzo ni jiometri hiyo, na fundi hodari hawezi kuibadilisha kwa kukaza bolti zaidi.

Pili, upana. Moto unaanzia katikati kwenye plagi na unasafiri hadi ukingoni. Njia hiyo imerefuka, hivyo petroli ya pembeni inapata muda mwingi wa kulipuka yenyewe kabla ya zamu yake. (Naongelea petroli kulipuka mapema, si ile 'imenoki' ya mafundi wetu ambayo ni beringi zimekufa. Ingawa ya kwanza ikiachwa huzaa ya pili.) Uso wa pistoni pia umeongezeka asilimia 17, kwa hiyo kwa kanieneo ileile konrodi inapigwa kwa nguvu zaidi kwa asilimia 17. Na pistoni za kiwandani za EJ257, ile ya STI ya Marekani, ni za kumimina, zinajulikana kwa kukatika pale katikati ya ringi. Super yetu ya kawaida nayo haifiki oktani 100 ya petroli ghali ya Japani. Jumlisha mwenyewe.

Tatu, na hapa naomba msikilize, si kila 2.5 ni 2.5. Kuna bloki ya Outback na Forester zisizo na turbo. Zinapatikana kwa urahisi na bei yake inavutia. Pistoni zake zinabana karibu 10 kwa 1, wakati ile ya EJ257 inabana 8.2. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliuziwa bloki hiyo, akaambiwa "2.5 ni 2.5 tu bwana", ikafungwa na turbo yake ya zamani. Gari lilivuta vizuri ajabu kwa wiki kadhaa. Halafu silinda moja ikakosa kompresheni, na ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imepasuka. Aliyemuuzia alimwambia anaendesha vibaya. Ukitaka 2.5 kutoka Japani, tafuta iliyozaliwa na turbo: Legacy 2.5GT iliyoanza 2009, au Forester S-Edition. Zipo, ila uwe na subira.

Ukifunga hedi za EJ20 juu ya bloki ya EJ25, jambo ambalo wengi hufanya ili kuokoa pesa, kumbuka chumba cha moto cha hedi hizo kilikatwa kwa silinda ya milimita 92. Sasa kinakaa juu ya shimo la 99.5. Kompresheni inabadilika, na lazima ipimwe na kupigiwa hesabu kabla ya kufunga, kwa maji na bomba la sindano kama tulivyofanya maabara ya fizikia. Fundi akikwambia "itakubali tu", chukua ufunguo wako uondoke.

Tufike kwenye ninachokijua zaidi, programu. Nashangaa jinsi mtu anavyotumia pesa nyingi kwenye chuma halafu anaondoka na ramani ileile ndani ya kompyuta ya gari. Kompyuta ya Subaru huhesabu mzigo kwa gramu za hewa kwa kila mzunguko, kisha inaenda kwenye jedwali kutafuta cheche ipigwe lini. Jedwali liliandikwa kwa lita 2.0. Kwenye lita 2.5, gramu 2 kwa mzunguko zina maana nyingine kabisa, kwa sababu zinajaza silinda kubwa zaidi. Hapo chini cheche inakuja kwa uvivu usio na sababu. Na ukikanyaga hadi mwisho, mzigo unatoka nje ya jedwali. Kompyuta hufanya nini? Haitoi ujumbe wa kosa kama Java inavyolalamika ukiomba kitu nje ya safu. Inachukua thamani ya safu ya mwisho na kuendelea kimyakimya. Nozeli nazo zinaombwa petroli zaidi kwa asilimia 23 na huenda hazina. Yaani programu inaendelea kukimbia juu ya data isiyo yake, na kinacholipa ni pistoni.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ipo RomRaider, programu huria iliyoandikwa kwa Java (ndiyo!) na iliyoanza kwa jina la Enginuity. Ukiwa na laputopu na waya unaofaa, unasoma ramani, unarekodi gari likiwa barabarani, unaona ni wapi kompyuta inarudisha cheche nyuma kwa kusikia mlipuko. Ukiona inarudisha mara kwa mara pale toki inapopanda, achia mguu, rudi nyumbani. Mtu akipanga bajeti ya bloki bila fungu la kuandika ramani na nozeli, kwa maoni yangu hajawa na bajeti bado.

Jambo la karatasi pia. Logibuku yako ina namba ya injini na cc. Ukibadilisha bloki, namba imebadilika. Peleka mabadiliko NTSA na mwambie mwenye bima. Siku ya ajali ni siku mbaya ya kugundua kwamba gari lililo kwenye karatasi si lile lililo mtaroni.

Nani basi abaki na 2.0? Anayependa kuzungusha injini juu. Kwa mizunguko 8,000, pistoni ya EJ20 inakwenda wastani wa mita 20 kwa sekunde. Ya EJ25 inafika mwendo huohuo karibu na 7,600. Na anayeishi Mombasa pia abaki, hana mlima wa kulipia. Wapo wanaochukua bloki ya EJ20 na kuiwekea kranki ya milimita 79, wakapata cc 2100 bila kukonda kwa kuta. Hiyo naipenda sana, ila inataka pistoni za kununua na fundi anayepima badala ya kukisia.

Wengine hunijibu kwamba Japani wenyewe walibaki na 2.0 kwenye STI ya gia za mkono hadi EJ20 ilipoagwa, huku Wamarekani wakipewa 2.5 tangu toleo la 2004, hivyo 2.0 ndiyo bora. Kumbukeni Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda ukivuka cc 2000. Na Tokyo iko pale pale kando ya bahari. Mainjinia wale hawakuwa wanaifikiria Limuru.